Dirisha la Viatu

Kamera niliinunua kwa Kuruvila
siku alipofunga studio yake arudi kwao Kerala.
Riyali mia na arobaini, na lenzi ina mkwaruzo
mdogo, kama ukucha wa mtoto.
Akanitilia na kiti cha kuzunguka, bure,
na pazia la buluu lisilotakiwa tena na ubalozi wowote.

Ibra, nyuma ya soko la wanawake la Jumatano,
baina ya fundi cherehani na dobi:
hatua sita kwa nne.
Mchora bango akasahau nukta moja ya Kiarabu,
mimi Muzna nikaamka Murna.
Mama akasimama barabarani, akacheka kwa Kiswahili chake cha nyumbani:
"Ala! Hata jina lako limetoka na ukungu."

Mwezi wa kwanza, pasipoti tu.
Mtoto wa siku kumi na mbili, hataki kufumbua macho,
mamaye anampuliza usoni, mimi nachezesha funguo.
Wajenzi watano wa Sylhet, shati moja la kola:
anavua huyu, anavaa yule,
na kila uso mpya, kola imezidi kuloa.
Baisa juu ya baisa.
Kodi ikasimama mlangoni kwa riyali themanini.

Ndipo akaingia Ghaniya, hakuketi.
"Nasikia mpiga picha ni mwanamke."
"Ni mimi."
"Basi Alhamisi."
Hilo ndilo tangazo langu lote tangu siku ile.

Mlango wa ukumbi una kikapu cha simu,
kila simu na karatasi yenye jina.
Mabuibui yametundikwa safu nzima, meusi, matupu,
na waliokuwa ndani yake
wako huko ndani.
Nilichokiona sikisemi.
Nitasema tu kwamba bibi harusi alilia kwa kiatu kilichombana,
kisha akacheka kwa kiatu hicho hicho,
nami nilikuwepo, kidole kikiwa tayari.

Kadi nikaifunga kwenye pindo la leso
kama bibi alivyofunga pesa ya samaki.
Nyumbani, taa moja, mlango komeo.
Na ndani ya mtoto wa meza nimebandika haya,
nikayasoma kwa kila anayelipa arubuni:

*Uso wako ni amana, siuuzi, siuweki,*
*Nikishakupa, hapana, nakala haibakiki,*
*Nafuta huku waona, si maneno ya dhihaki,*
*Nikikuvunjia jina, riyali zangu sitaki.*

Kizuri chajiuza, wamesema.
Changu kitajiuza vipi, na hakionekani?
Wapita njia wanatazama dirishani:
kisigino cha kiatu cha dhahabu,
kiganja chenye hina bado mbichi,
finjani iliyoachwa na alama ya mdomo.
"Huyu anauza viatu?" akauliza mmoja.
Fundi cherehani akamjibu, "Nami sijui."

Wiki jana kwa kina Salha, baada ya keki,
Bi Shinuna akanivuta mkono hadi chumba cha vyombo.
Miaka themanini na kitu, hajapigwa ila ya kitambulisho.
Akavua mtandio. Mvi hadi kiunoni,
zimesukwa mikia miwili kama za msichana wa madrasa.
"Piga."
Nikapiga.
Nikamgeuzia kioo, akafumba macho.
"La, sitaki kuiona. Futa.
Nilitaka kujua tu kama bado natosha humo."

Nikafuta mbele yake, kama karatasi yangu isemavyo.
Kidole kilisita; sisemi uongo.
Ilikuwa picha bora niliyopata kupiga
na sina hata kivuli chake.

Akanifumbata riyali moja, imekunjwa mara nne.
Sijaikunjua.
Kodi imebaki kumi na saba,
na mchora bango anasema kwa nukta moja
atanitoza kama bango zima.
Basi ngoja kwanza nibaki Murna.